Mbuzi Wasimame kwa Miguu ya Nyuma

Kwenye droo ya meza yangu ofisini, chini ya maazimio ya kazi ya miaka iliyopita, kuna karatasi ya jaribio la hisabati ambayo mwenyewe hakurudi kuichukua. Swali la nne limepata alama 1 kati ya 5. Kalamu nyekundu ni yangu, na maneno ya pembeni ni yangu pia: "Njia iko wapi?" Nimeyakandamiza mpaka karatasi imetoboka.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Mfugaji ana kuku na mbuzi. Ukihesabu vichwa ni 30, ukihesabu miguu ni 84. Mbuzi ni wangapi, na kuku ni wangapi? Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anajua tunakoelekea: weka x, weka y, andika milinganyo miwili, ondoa herufi moja, maliza. Nilikuwa nimeihubiri njia hiyo wiki mbili mfululizo. Kijana huyu wa dawati la nyuma, mtoto wa wafugaji, aliandika mistari mitatu:

30 × 2 = 60
84 − 60 = 24
24 ÷ 2 = 12. Mbuzi 12, kuku 18.

Jibu ni sahihi. Hakuna x, hakuna y. Nikasema moyoni, huyu kachungulia kwa jirani. Nikamwita ofisini.

Alisimama mbele ya meza yangu mikono nyuma, kimya. Mlangoni kwetu kuna kibao kinachosema ukiingia hapa zungumza Kiingereza, na yeye alikuwa ametoka darasa la saba miezi michache tu iliyopita, shule aliyosoma kila kitu kwa Kiswahili. Nilipoona kimya kimezidi nikamwambia haya, sema kwa Kiswahili. Akasema: "Madam, mbuzi akitaka majani ya juu anasimama kwa miguu ya nyuma. Nimewasimamisha wote. Kila mnyama amebaki na miguu miwili chini, hiyo ni 60. Iliyobaki iko hewani, na iliyo hewani ni ya mbuzi tu."

Nakumbuka nilicheka. Mwalimu mwenzangu wa meza ya pili naye akacheka. Kisha nikamwambia kijana kwamba ni sawa, ila wanaosahihisha mtihani wa taifa hawataki mbuzi wasimame, wanataka x na y. Akajibu, "Sawa madam," akatoka. Muhula uliofuata baba yake alihamisha mifugo na yeye akahamishwa shule. Karatasi ikabaki kwangu.

Ilinichukua karibu miaka mitatu kuona nilichokifanya, na niliona siku nikifundisha somo lilelile kwa darasa jingine. Niliandika ubaoni x + y = 30, nikauzidisha mstari wote kwa 2 ili nipate 2x + 2y = 60, nikautoa kwenye 4x + 2y = 84. Ikabaki 2x = 24. Chaki ikasimama hewani. Ile 60 ya kwangu ndiyo 60 ya yule kijana. Ile 24 ndiyo miguu iliyokuwa hewani. Hatua kwa hatua alikuwa amefanya njia ninayoifundisha, ila yeye alijua kila namba inamaanisha nini, na mimi, nawaambia kweli, nilikuwa najua tu kwamba ukizidisha kwa 2 herufi moja itakufa. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Wachina walikuwa wakifundishana fumbo la namna hii, kwa kuku na sungura, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Sikuona mahali walipoadhibiwa kwa kukosa x.

Tangu siku ile, kila nikisikia semina ikizungumzia "kukuza ubunifu katika masomo ya sayansi," naikumbuka droo yangu. Tunaongelea sana vifaa: maabara haina gesi, kompyuta hazitoshi. Ni kweli hazitoshi. Lakini kijana yule hakuhitaji kifaa hata kimoja. Alihitaji mwalimu ambaye, akiona jibu asilolitegemea, atauliza "umefikaje?" kabla ya kushika kalamu nyekundu.

Sisi tulio mkoa wa Tanga hatuna kisingizio, maana hadithi kubwa kuliko zote kuhusu jambo hili ilianzia kwetu. Mwaka 1963, Tanganyika ikiwa bado Tanganyika, Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu Shule ya Sekondari Magamba, kule Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: unachemsha maziwa, unatia sukari, unaacha yapoe, ndipo unaweka kwenye jokofu. Nafasi ya jokofuni ilikuwa ndogo na wagombeaji wengi. Siku moja mwenzake aliona nafasi inaisha, akachanganya maziwa na sukari bila hata kuchemsha, akawahi. Mpemba naye akaona akisubiri yapoe atakosa, akaweka yake yakiwa ya moto, liwalo na liwe. Baada ya saa moja na nusu walirudi. Ya Mpemba yameganda. Ya mwenzake bado uji.

Akamuuliza mwalimu wa fizikia kwa nini. Akaambiwa amechanganyikiwa, haiwezekani. Akakubali, kama tunavyokubali sote tukiwa kidato cha tatu. Lakini likizo moja alikutana na rafiki yake aliyekuwa akiuza aiskrimu mjini Tanga, na rafiki huyo akamwambia wao huweka mchanganyiko ukiwa wa moto ili ugande haraka. Hapo huwa nasimama kidogo nikisimulia darasani. Jambo ambalo mwalimu alisema haliwezekani, watu wa barabarani Tanga walikuwa wakilitumia kutafutia riziki.

Mpemba akafaulu, akaenda Shule ya Sekondari Mkwawa, Iringa. Walipofika mada ya kanuni ya Newton ya kupoa kwa vitu akauliza tena. Mwalimu, baada ya kubishana naye, akahitimisha kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Darasa likaipenda kauli hiyo. Kuanzia hapo akikosea hesabu, wanamwambia hiyo ni hisabati ya Mpemba. Alasiri moja akakuta maabara ya baiolojia iko wazi na mwalimu hayupo. Akachukua bika mbili ndogo, yaani vikombe vya maabara, moja akaijaza maji ya bomba, nyingine maji ya moto, akaziweka kwenye friza. Baada ya saa moja hakuna iliyoganda yote, ila ya maji ya moto ilikuwa na barafu zaidi.

Kisha akaja mgeni shuleni, Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu Dar es Salaam. Muda wa maswali ulipofika, Mpemba akasimama akauliza lile lile: vyombo viwili vinavyofanana, maji kiasi kilekile, kimoja nyuzi 35, kingine nyuzi 100, vyote kwenye friza, mbona kile cha 100 kinaganda kwanza? Wenzake wakacheka. Osborne hakuamini, lakini aliahidi kujaribu. Akarudi Dar, akampa fundi wa maabara kazi hiyo. Fundi akaleta majibu kwamba maji ya moto yameganda kwanza, akaongeza kwamba wataendelea kurudia jaribio mpaka wapate jibu sahihi.

Mwaka 1969 makala ya Mpemba na Osborne ikachapishwa Uingereza, katika jarida la walimu wa fizikia. Wakati huo Mpemba alikuwa chuo cha wanyamapori, Mweka, karibu na Moshi, na maisha yake ya kazi yakawa ya wanyamapori, si ya maabara. Jina lake ndilo lililobaki kwenye fizikia. Jambo hilo la maji ya moto kuganda kabla ya ya baridi, mwanafalsafa Aristotle alikuwa ameligusia zaidi ya miaka 2,300 nyuma, na wanafalsafa Francis Bacon na Descartes pia, lakini leo dunia nzima inaliita kwa jina la Mpemba. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa atakayelieleza vizuri zaidi. Majibu yalizidi 22,000. Mwaka 2016 watafiti wawili wa Uingereza walipima kwa uangalifu mkubwa wakaandika kwamba hawaoni ushahidi wa maana kuwa jambo lenyewe lipo. Wengine wanawabishia mpaka sasa.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki humsifu Mpemba, na anastahili. Mimi, kwa vile nimekaa upande wa pili wa meza, humtazama zaidi yule fundi wa maabara. Kurudia mpaka upate jibu sahihi! Namjua mtu huyo. Mimi ndiye. Na wanafunzi wangu wote ni yeye.

Mwalimu wa fizikia anayesoma hapa anajua kinachotokea siku ya vitendo vya bembea ya uzi. Unafunga jiwe kwenye uzi, unapima muda wa mizunguko 20, unabadilisha urefu, unachora grafu, unatafuta g, yaani mchapuko wa mvutano wa dunia. Wanafunzi wanajua kwamba g ni 9.8 kabla hawajafunga fundo. Kwa hiyo wanapika. Wanaanza na 9.8, wanarudi kinyumenyume mpaka kwenye jedwali, wanatia namba za desimali zenye sura ya kuaminika, na grafu inanyooka kama imechorwa na fundi seremala. Mwaka mmoja karibu makundi yote ya darasa langu yalipata 9.8, pamoja na kundi ambalo uzi wao niliuona mwenyewe ukikatika wakiwa kwenye kipimo cha pili. Niliwapa alama. Ningewanyimaje, na mimi nilipika hivyohivyo nikiwa shule?

Mwaka uliofuata nilibadilisha kitu kimoja. Kwenye mwembe ulio nyuma ya jiko la shule nilimwomba mlinzi anifungie kamba kwenye tawi la juu, nikaning'iniza dumu la lita 5 lililojaa mchanga. Nikawaambia nataka kujua kamba ile ina urefu gani, na ni marufuku kuupanda mti. Basi. Hakuna jedwali, hakuna hatua moja mbili tatu.

Robo saa ya kwanza ilikuwa mateso. Watoto waliofundishwa kusubiri maelekezo walisubiri maelekezo. Mmoja akauliza kama hilo lipo kwenye mtihani. Wawili wakaanza kupima kivuli, wazo zuri ambalo sikuwa nimelifikiria, ila kivuli cha kamba kilimezwa na kivuli cha mwembe. Kisha binti mmoja ambaye hajawahi kunyoosha kidole darasani akaenda akalisukuma dumu, likawa linakwenda na kurudi, naye akawa anahesabu kwa sauti ya chini. Kundi lake likamzunguka. Walipata sekunde 4 kwa mzunguko mmoja. Wakaigeuza fomula ya bembea, urefu ukatoka karibu mita 4. Mlinzi akapanda na futi kamba: mita 3 na sentimita 90, na kwenye hesabu zao hawakuwa wamekumbuka kwamba dumu nalo lina kimo, na kwamba urefu unahesabiwa mpaka katikati ya uzito. Wakabishana kuhusu sentimita hizo mpaka kengele ya chakula.

Hakuna aliyepika, kwa sababu hakuna aliyejua jibu la kupikia. Siri yenyewe ilikuwa hiyo tu, wala si kubwa. Ila kuna sharti lake: mimi mwenyewe nilikuwa silijui. Nilimwomba mlinzi makusudi asiniambie. Watoto wanausoma uso wa mwalimu kuliko wanavyosoma ubao. Ukilijua jibu, wao wataacha kutazama dumu watakutazama wewe nyusi.

Nikapata hamu. Nikasema sasa tulirudie la Mpemba.

Shule yetu haina friza. Jirani yetu analo. Ni mama mmoja anayeuza barafu za ukwaju, za ubuyu na za maziwa, watoto wanamwita Mama Barafu na mimi nimezoea hivyohivyo. Nilimfuata nikamwamkia, nikaeleza shida yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwalimu, mwanangu, friza ni lako, ila umeme ukikatika usinidai, na barafu zangu msizisogeze." Tukakubaliana Jumamosi, wanafunzi sita kwa zamu, makopo mawili ya maziwa ya unga yanayofanana, maji ya kikombe kimoja kila kopo, na kipimajoto chetu kimoja kilichosalia.

Jumamosi ya kwanza maji ya moto yaliganda kwanza. Walipiga kelele mpaka wateja wakaja kuona. Ya pili, ya baridi yakatangulia. Ya tatu umeme ulikatika. Ya nne, ya moto tena. Ya tano ikazuka vita, kwa sababu mmoja aliuliza "kuganda" maana yake nini. Ni ule utando wa kwanza juu? Au mpaka kopo ukiligeuza halimwagiki? Kwa kipimo cha kwanza mshindi ni huyu, kwa kipimo cha pili mshindi ni yule. Niliwaacha wagombane nikiwa nimekaa kwenye benchi la Mama Barafu nakunywa ukwaju. Ugomvi huohuo, kwa maneno makubwa zaidi, ndio ambao wanasayansi wanaupigana mpaka leo kuhusu jambo hili.

Halafu kijana mmoja, ambaye fizikia yake ilikuwa ya alama 20 na kitu, alipoinua kopo la moto akaona limeacha duara chini. Lile friza lilikuwa na tabaka nene la barafu sakafuni, kama mafriza yetu mengi. Akasema: "Madam, hili la moto linajichimbia. Linayeyusha barafu ya chini, linakaa kwenye shimo, linagusana na ubaridi vizuri. La baridi limekaa juujuu tu."

Nilinyamaza. Hiyo ni moja ya hoja zinazotolewa kweli na wataalamu, pamoja na ile ya mvuke kupunguza maji, na ile ya maji ya moto kujizungusha zaidi ndani ya chombo. Hakuwa ameisoma popote. Wenzake wakataka kumpima: wakakata vipande vya ule mfuniko mweupe mwepesi wa maboksi ya samaki, wakaweka chini ya makopo yote mawili. Jumamosi ya sita na ya saba, maji ya baridi yalitangulia. Kijana akatembea shuleni kama diwani.

Ndipo nikawasomea sehemu ya makala ya mwaka 1969, ile inayoeleza kwamba vyombo vya akina Mpemba vilikaa juu ya kipande cha kitu kilekile cheupe chepesi, na bado ya moto yaliwahi. Uso wa kijana ulibadilika. "Kwa hiyo walishaliwaza hilo la kujichimbia?" Ndiyo, walishaliwaza. "Na yao bado yaliwahi?" Ndiyo. Akakaa muda, akasema labda kuna sababu zaidi ya moja. Sikuwa na cha kuongeza.

Nataka kusema kitu kuhusu uwanja ule wa Mama Barafu, maana nimekifikiria sana. Watoto walewale wanaonikodolea macho darasani, kule walisema. Walikatizana, walibishana, walitumia neno "kwa sababu" mara nyingi kuliko nilivyolisikia mwaka mzima. Sehemu ya sababu ni kwamba walikuwa wanakunywa barafu. Lakini sehemu kubwa ni kwamba kwa Mama Barafu hakuna kibao mlangoni. Walifikiri kwa Kiswahili. Mtoto akiwa na wazo changa, bado linatambaa, ukimwambia alitafsiri kwanza ndipo aliseme, atakachokutolea ni ile sentensi ya kitabu anayoijua tayari. Wazo lake halisi linabaki nyuma. "Linajichimbia" ni neno moja tu, na ndani yake muna fizikia nzima. Ningemdai Kiingereza, angesema hajui.

Sisemi tuchome vitabu vya Kiingereza. Mtihani uko kwa Kiingereza na watoto wangu lazima waufaulu. Tuliporudi darasani waliandika ripoti kwa Kiingereza na niliisahihisha kwa ukali. Ninachosema ni kwamba kufikiri na kuripoti ni kazi mbili, nami niliwahi kuzifanya moja kwa miaka mingi.

Upande wa teknolojia nitapita haraka, kwa kuwa mimi si mtaalamu wake. Nilikabidhiwa somo la kompyuta kwa sababu nilikuwa na laptopu. Kompyuta tunazo saba, zinazowaka tatu. Nikaona kuliko wanafunzi zaidi ya 40 kugombania kibodi tatu kuandika majina yao, tucheze bao. Bao lina mashimo 32 na kete 64, na kila mchezaji anaanza akiwa na kete 22 mkononi. Kazi: andika kanuni za kucheza kwa mtu asiyejua kabisa, kwa muundo wa "kama hivi, basi vile." Mtu asiyejua nitakuwa mimi, nitafuata ulichoandika neno kwa neno, sitakusaidia. Kundi la kwanza lilisahau kuandika kete inalala lini, yaani zamu inaisha lini. Nilisambaza, nikaokota, nikasambaza, nikaokota, dakika kumi nzima, mpaka wakaanza kunisihi niache. Sijaandikiwa kuacha, nikawaambia. Baadaye, tulipofika kwenye programu inayojizungusha bila kikomo, hawakuhitaji maelezo, mmoja alisema tu, "Imesahau kulala."

Haya yote yana gharama yake, nisiwadanganye. Darasa langu lina wanafunzi 73, na Jumamosi nilichukua sita kwa zamu. Azimio la kazi lilichelewa wiki tatu, mtaaluma akaniita akaniuliza kama nafundisha au nafanya maonyesho. Alikuwa na haki. Wazazi wanapima shule kwa divisheni, na wao pia wana haki, kwa sababu mahitaji ya shule ya mtoto yametoka kwenye mahindi. Kuna mada sikuzifundisha kwa ubunifu wowote. Nilizipiga ubaoni wakanakili, tukasonga. Sioni aibu. Mwembe mmoja kwa muhula unatosha, ukiwa mwembe kweli.

Ninachokionea haya ni kile kipindi cha katikati, nilipodhani ubunifu ni shughuli. Tangu mtaala wa mwaka 2005 tunaambiwa tufundishe umahiri, mwanafunzi awe kitovu, na sisi tukaelewa maana yake ni "kaeni makundi." Niliwakalisha makundi. Nikawakatisha chupa za maji, wakatia mchanga na mkaa, wakachuja maji machafu kama picha ya kitabu inavyoonyesha, chupa kumi na mbili zinazofanana mfano wa mapacha. Mthibiti ubora wa shule alipenda, akapiga picha. Hakuna mtoto aliyeuliza chochote siku ile, maana hapakuwa na cha kuuliza. Laiti ningewapa mchanga, mkaa, kokoto na kitambaa bila picha, nikawaambia shindaneni. Tungemwaga maji mengi. Lakini mtu angeuliza kwa nini mkaa.

Na kusahihisha. Hapa ndipo nimebadilika zaidi na hapaonekani, hakuna wa kuja kupapiga picha. Sasa nikikuta jibu sahihi lenye njia nisiyoijua, siweki alama papo hapo. Naliandikia "njoo unieleze." Mara nyingi, tuseme ukweli, alichungulia. Nusu dakika inatosha kujua. Lakini mara mojamoja anakuja mtu na mbuzi wake wamesimama, na hapo namwomba aende ubaoni awasimamishe mbele ya wote, kisha mimi naandika x na y pembeni, mstari kwa mstari, tuone zinapokutana. Njia yake inapata alama zote. Ya mtihani tunaifanya pia, kama mtu anayejifunza njia ya pili ya kwenda sokoni.

Juzi nilipita kwa Mama Barafu kununua za maziwa. Alikuwa anapanga friza lake, akanisimamisha. "Mwalimu, nikuulize. Hizi zangu za ukwaju nikizidisha sukari zinachelewa kuganda, na hata zikiganda ni laini, zinayeyuka mteja hajafika barabarani. Maji matupu yanakuwa jiwe. Sukari inafanya nini humo ndani?"

Kijana wa kujichimbia alikuwa nyuma yangu na mia mbili yake mkononi. Aligeuka akanitazama, nyusi kwanza.

Jibu la swali lile nalijua. Nimelifundisha. Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na fomula yake nyuma yake.

"Unatia vijiko vingapi?" akauliza kijana, akimgeukia Mama Barafu.

"Nitajuaje, baba? Naonja tu."

"Basi Jumamosi tuje na makopo manne," akasema. "Moja lisitiwe kitu."

Nikalipa barafu yangu nikaondoka.